Motisha kwa watumishi wa kliniki ya meno Tabora: lipa timu, usilipe kwa kichwa

Mkuu, umesema una kliniki ya kiti kimoja Tabora mjini, daktari mmoja na watumishi wanne, na unataka kila mtumishi apate kamisheni kwa kila mgonjwa anayepita. Nakusihi usianze hivyo. Anayelipwa kwa kichwa atatafuta vichwa: mapokezi atabananisha miadi, na mzigo wote utaishia kwenye vifaa. Otoklevu, yaani mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa kwa mvuke, ikiwekwa nyuzi 121 za Selsiasi inataka dakika 15 hadi 20 kamili baada ya joto kufika hapo, na muda wa kupasha na kukausha hauhesabiwi humo. Foleni ikiwa ndefu na seti za kung'olea ni chache, kuna mtu atafungua mlango mapema. Madhara yake anayabeba mgonjwa.

Daktari naye usimlipe kiasi kilekile kwa kila jino. Kung'oa kunamalizika haraka kuliko kuziba au tiba ya mzizi, kwa hiyo utakuwa unamlipa vizuri zaidi kwa kupoteza jino ambalo lingepona. Kama mmekubaliana asilimia, iwe moja kwa huduma zote, itokane na fedha iliyoingia baada ya kutoa gharama za maabara, na kazi inayorudiwa kwa kosa lake isilipwe tena.

Kwa wale wanne, tengeneza mfuko mmoja. Weka kizingiti cha makusanyo ya mwezi kinachofunika mishahara, pango, umeme, vifaa, maabara na faida unayohitaji. Tuseme ni shilingi 9,000,000. Makusanyo yakifika 10,500,000, ziada ni 1,500,000. Toa vifaa na maabara vilivyoongezeka kwa sababu ya kazi hiyo, mfano 300,000, inabaki 1,200,000. Asilimia 20 yake ni 240,000. Gawa kwa siku za kazi: wakiwa wamefanya siku 24, 24, 22 na 10, jumla 80, kila siku ni 3,000, yaani 72,000, 72,000, 66,000 na 30,000. Bandika hesabu hiyo ukutani. Mtumishi asipoweza kuikokotoa mwenyewe hataiamini, na motisha isiyoaminika haimsukumi mtu.

Sasa lipo la Tabora lenyewe, na hapa ndipo mipango mingi ya kunakili hukwama. Masoko ya tumbaku yakichangamka, watu wa wilaya za Urambo, Kaliua na Sikonge wanakuja na fedha mkononi na kutengeneza meno waliyovumilia muda mrefu. Mvua zikianza, fedha inaingia shambani na kiti kinapoa. Kizingiti kimoja cha mwaka mzima kitawalipa watu kwa sababu ya soko, kisha kiwanyime kwa miezi mfululizo hata wakijituma. Kwa hiyo weka kizingiti cha kila mwezi peke yake: linganisha Julai na Julai ya mwaka jana, Januari na Januari, ila kizingiti kisishuke chini ya gharama zako halisi.

Hesabu fedha iliyoingia tu. Madai ya bima yahesabiwe mwezi yanapolipwa, kwa kiasi kilicholipwa, maana fomu iliyojazwa vibaya hukatwa. Malipo ya awali ya meno bandia yasubiri hadi mgonjwa ayachukue yakiwa yanamkaa sawa.

Kabla ya kugawa, kagua mambo mawili: daftari la otoklevu lisiwe na mzunguko uliorukwa, na kuziba kulikofumuka ndani ya miezi 6 kurudiwe bure, gharama yake ikitolewa kwenye asilimia ya daktari badala ya mfuko wa watumishi. Daftari likiwa na pengo, mfuko wa mwezi huo hautoki. Ni kali, lakini nisingelegeza hapo.

Bonasi ni mapato ya ajira, hivyo iingize kwenye PAYE (kodi ya mshahara ambayo mwajiri hukata) ya mwezi husika. Ambaye mshahara na bonasi vyake, baada ya kutoa mchango wa pensheni, vinavuka 270,000 kwa mwezi ataanza kukatwa, mweleze mapema. Ilipe siku tofauti na mshahara, na kwenye barua andika kwamba mpango ni wa miezi 6 kisha mtakaa kuupitia. Kama mishahara yako huchelewa, rekebisha hilo kwanza, kwa sababu bonasi itageuka fedha ya kulipia madeni ya dukani na haitabadili kazi.