Wifi ana goita, je, aongezewe chumvi au apasuliwe? Jibu la fundi cherehani aliyepitia

Kaka uliyeuliza, pole, na wifi mfikishie salamu zangu. Nimesoma swali lako mara mbili: shingo imevimba, anakula vizuri lakini anazidi kukonda, moyo unamwenda mbio, kipimo cha damu cha TSH kimesoma 0.01, na mama mkwe kasema mboga zizidishwe chumvi kwa sababu goita ni ukosefu wa chumvi. Unauliza kama ni chumvi au kisu, na je, dawa atakunywa maisha yake yote? Naona waliotangulia kujibu wamekimbilia majani ya kuchemsha. Mimi tezi hii ya shingo ninayo kesi nayo tangu 2014, imenitesa pande zote mbili, ngoja niseme nilichokiona.

Chumvi msimzidishie. Mama mkwe hajatoa maneno hewani, ila anazungumzia goita nyingine. Mimi ni mtu wa Makete. Bibi yangu alikuwa na rovu, yaani goita, kubwa, kila akitoka lazima ajifunge kitenge shingoni hata jua likiwaka, na pale kijijini hakuwa peke yake. Udongo wa milimani kama kwetu Nyanda za Juu Kusini una madini joto (ayodini) kidogo, mvua imeshayaosha, kwa hiyo na chakula kinachoota pale hakina. Tezi bila madini joto haiwezi kutengeneza homoni, basi inahangaika, inatanuka, ndiyo rovu. Nikiwa shule ya msingi tulipangwa mstari tukapewa vidonge vyenye mafuta ya madini joto, na miaka ya 1990 sheria ikataka chumvi yote iwekwe madini hayo. Toka hapo ukitaja goita kila mtu anajibu chumvi.

Sasa ya wifi. Watu wengi wanadhani TSH ni homoni ya shingoni, wakiona namba ndogo wanasema "amepungukiwa". Hapana. TSH inatoka pituitari, kitezi cha ukubwa wa njegere chini ya ubongo, na kazi yake ni kuiamuru tezi ya shingo ifanye kazi. Nitumie lugha ya kazini kwangu: TSH ni mguu juu ya pedeli, tezi ya shingo ndiyo cherehani, na nguo inayotoka ni homoni mbili, T4 na T3. Homoni zikipungua, mguu unakandamiza. Zikizidi, mguu unaachia. Maabara nyingi huhesabu kati ya 0.4 na 4 kuwa ya kawaida. Kwa hiyo 0.01 maana yake mguu umeondoka kabisa kwenye pedeli, na kwa dalili ulizotaja, cherehani bado inashona!

Nani anaishonesha? Mara nyingi kwa wanawake ni ugonjwa wa Graves. Kinga ya mwili inatengeneza askari (antibodi) wanaokwenda kukanyaga pedeli badala ya mguu wenyewe, nao hawajui kuacha. Inaweza pia kuwa kivimbe ndani ya tezi kinachojitengenezea homoni bila amri ya mtu, au tezi imepata uchochezi inavuja akiba yake, hasa miezi ya mwanzo baada ya kujifungua. Hii ya kuvuja kwa kawaida hutulia bila kabimazoli, dawa ya kushusha homoni, ndiyo maana msinunue dawa kwa kukisia. Na mpimeni mimba, maana mimba changa nayo hushusha TSH. Ombeni T4 na T3, kipimo cha hao askari kama kipo, na ultrasaundi ya shingo.

Kuhusu chumvi, ile ya kawaida ya pakiti aendelee kula. Kuzidisha ndiyo shida. Zimbabwe na huko Kivu, Kongo, miaka ya 1990 chumvi yenye madini joto ilipoingia, baadhi ya watu waliokuwa na goita za siku nyingi tezi zao zililipuka kwa homoni. Tezi iliyozoea njaa ukiijazia sahani ghafla haina adabu. (Sisemi chumvi hiyo ni mbaya. Imeokoa watoto wengi wasizaliwe na akili iliyodumaa.)

Kwangu ilianza na uzi. Nashona Mwanjelwa, hapa Mbeya, na kuingiza uzi kwenye tundu la sindano nilikuwa nafanya huku napiga soga na mteja. Mwaka huo nikawa nalamba uzi, nalenga, unapita pembeni. Nalamba tena. Mwishowe nikamwachia mwanafunzi wangu kazi hiyo, nikasingizia macho. Wakati huo nakula sahani mbili za ugali na magauni yote yananivuka. Jasho, Mbeya ya mwezi wa saba! Watu wa Mbeya mnaijua hiyo baridi. Zahanati ya kwanza wakanitibu malaria, ya pili taifodi, kisha vidonda vya tumbo, kisha presha. Majirani walishanipangia UKIMWI, nikapima mara tatu mpaka mpimaji akanichoka. Shangazi akasema jini.

Aliyegundua alikuwa daktari kijana ambaye hata vyeti vyangu vya zamani hakuvifungua. Aliniambia ninyooshe mikono mbele, nitanue vidole, akachukua karatasi tupu mezani akailaza juu yake. Karatasi ikawa inachezacheza mpaka inatoa sauti. Akazunguka nyuma yangu, akaweka vidole shingoni, akanipa maji nimeze. Tezi hupanda ukimeza, ndivyo wanavyoitambua. TSH yangu ilitoka chini ya 0.01, kama ya wifi.

Nilianzishiwa kabimazoli ya kupunguza utengenezaji wa homoni na propranololi ya kutuliza moyo na mikono (mwenye pumu amwambie daktari kwanza, propranololi inaweza kumbana kifua). Baada ya wiki kama mbili nikaingiza uzi mwenyewe. Hapa sikiliza kwa makini: wifi akiwa kwenye kabimazoli akapata homa au koo kuuma, asinywe Panadol akalala. Aache dozi, aende siku hiyo hiyo kupima damu, maana ni nadra lakini dawa hii inaweza kumaliza seli nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi. Kama mna mpango wa mtoto semeni mapema, kwa sababu miezi mitatu ya mwanzo ya mimba hutumika dawa nyingine. Na kama macho yameanza kutokeza, sigara zikae mbali naye, hata zako.

Nilimeza miezi 18, nikaachishwa, baada ya miezi mitano ikarudi. Nikapewa kuchagua kati ya madini joto yenye mionzi, ya kuiua tezi, na upasuaji wa kuitoa, nikachagua upasuaji kwa sababu tezi ilikuwa kubwa na macho yalishaanza kutokeza. Lakini kisu hakikuja mpaka homoni zimeshushwa kwa vidonge, maana kumpasua mtu moyo ukiwa unakimbia hivyo ni hatari. Usiku wa pili midomo ikaanza kufa ganzi, kumbe vitezi vidogo vinavyosimamia kalsiamu vilishtuka. Wakanichoma kalsiamu, yakaisha.

Kisha nikaangukia upande wa pili. Bila tezi lazima unywe levothairoksini, homoni ya tezi iliyo kwenye kidonge. Mimi nilikunywa kila siku na bado nikawa nalala cherehani ikiwa mbele yangu, choo siku nne, hedhi nzito, uso umevimba, baridi mpaka kwenye mifupa. TSH 38. Mguu umekandamiza pedeli mpaka chini na hakuna kitu cha kushona. Daktari akaniuliza, "Mama, dawa unainywaje?" Nikamjibu, na chai ya maziwa asubuhi, pamoja na vidonge vya kuongeza damu. Akacheka mpaka akavua miwani. Madini ya chuma na maziwa huikamata dawa tumboni isiingie kwenye damu. Dozi hakuibadilisha. Alibadilisha saa tu: maji matupu, tumbo tupu, chai baada ya nusu saa mpaka saa nzima, vidonge vya damu vikae mbali kwa saa nne. Wiki nane baadaye TSH ilikuwa 3.1. Msipime kila wiki mkamalizia hela maabara, dawa hii hukaa siku nyingi mwilini na TSH husogea taratibu.

Kwa hiyo dawa ya maisha? Ya wifi haijulikani bado, wapo wanaomaliza kabimazoli na hairudi tena. Yangu ndiyo ya maisha: kidonge kimoja, kipo na kikombe cha maji pembeni ya kitanda, nakimeza adhana ya alfajiri ikianza, nageuka nalala tena kidogo. Majibu ya T4 na T3 yakitoka yaweke hapa, na uandike na vile vipimo vya kawaida vya maabara yenu pembeni, maana hutofautiana.