Mume wangu analala fofofo, mimi nakesha nikihesabu

*Shangazi, hujambo? Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Umoja, nina kibanda cha M-Pesa karibu na stejini. Miezi minne sasa akili yangu imekuwa kama chujio. Wiki jana mteja alinipa 4,500 nimwekee kwenye simu, nikakosea tarakimu moja, pesa zikaenda kwa mtu nisiyemjua. Nyumbani naingia jikoni nasahau nilichofuata. Saa tisa usiku niko macho. Mume wangu ni fundi wa mjengo, hunitumia pesa akilipwa, mimi ndiye napanga kodi, karo, stima na maji. Deni la sacco ni letu sote, lakini yeye akigusa mto tu amelala. Anasema shida zangu ziko kichwani. Jirani naye akanimaliza: ati nisipojichunga nitaishia Mathari. Shangazi, ndio nimeanza wazimu?*

Huna wazimu, mama. Na Mathari ni hospitali ya magonjwa ya akili, watu huenda wakatibiwa wakarudi nyumbani; mpe jirani salamu zangu.

Mumeo amesema nusu ya ukweli bila kujua. Kweli shida ziko kichwani, maana huko ndiko zinakopimwa. Mwaka 1983 Sheldon Cohen, mwanasaikolojia wa Marekani, alichapisha na wenzake dodoso la kupima msongo ambalo linatumika hadi leo. Halikuulizi unadaiwa ngapi. Linakuuliza, mwezi huu uliopita, ni mara ngapi umeona mambo makubwa ya maisha yako yamekuponyoka mikononi, mara ngapi umevurugwa na jambo la ghafla, mara ngapi shida zimerundikana hadi ukaona huziwezi. Watu wawili wenye deni lile lile hujibu tofauti kabisa, na miili yao nayo huitikia tofauti.

Hebu tuingie kibandani kwako. Umeshika noti za mteja, simu inalia, ni mwenye nyumba. Hujapokea bado, lakini amigdala, kijisehemu cha ndani ya ubongo chenye umbo la lozi, kimeshapiga kengele. Adrenalini, homoni ya kuushtua mwili, inafika kwa sekunde chache na moyo unaenda mbio. Dakika kadhaa baadaye inafuata homoni nyingine, kotisoli, kutoka kwenye tezi zilizokaa juu ya figo kama kofia. Kotisoli si sumu. Kila asubuhi hupanda yenyewe ukishaamka, ikuandae kwa siku. Ubaya ni kuitwa kila saa.

Huko nyuma ya paji la uso kuna sehemu ya ubongo inayokushikia tarakimu kumi za simu huku mikono inahesabu noti. Sehemu hiyo inataka kemikali mbili za ubongo, dopamini na noradrenalini, kwa kiasi, kama chumvi kwenye mboga. Ukibanwa zinamwagika kupita kiasi, na tarakimu zinateleza. Ndiyo 4,500 yako hiyo. Nakuelewa: mwaka niliouguza mama, nilipanda matatu ya Rongai nikienda Kikuyu, nikashtukia Bomas.

Ubongo huo haujaharibika. Mwaka 2009 watafiti wa New York walieleza matokeo ya kundi dogo la wanafunzi wa udaktari waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani mkubwa. Baada ya mwezi wa kubanwa, waliolemewa walichelewa kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine, na mawasiliano ya sehemu ile ya mbele yalikuwa yamelegea. Walipopimwa tena baada ya mwezi wa nafuu, hawakutofautiana na wenzao.

Sasa nirudi kwa mumeo. Barua yako nimeisoma mara mbili nikitafuta nani hupokea simu ya mwenye nyumba, nikakuta ni wewe. Mwalimu akimrudisha mtoto kwa karo, wewe. Mfereji ukikauka, wewe. Yeye hutuma pesa "akilipwa", na siku hiyo anaijua yeye na msimamizi wake. Deni mmegawana, mashaka amekuachia wewe, halafu anashangaa huna usingizi! Hata nyani wa Maasai Mara, ambao mwanasayansi wa Marekani Robert Sapolsky aliwachunguza kwa miaka mingi, madume wa vyeo vya chini ndio waliokutwa na kotisoli nyingi hata wakiwa wametulia, pale ambapo vyeo vya kundi havibadiliki. Hawajui mkubwa atawageukia saa ngapi.

Kwa hiyo sikutumi ukavute pumzi. Jumapili mkishakula, mpe namba ya mwenye nyumba, na kuanzia siku hiyo simu hiyo ni yake. Pia akutajie siku na kiasi. Heri 1,500 ya kila Jumamosi uliyo na hakika nayo kuliko 6,000 ya "wakinilipa". Akikuambia kazi za mjengo hazitabiriki, mjibu kwamba hata karo haijui mjengo.

Kibandani, msomee mteja namba kwa sauti, yeye akiitikia, ndipo ubonyeze. Chai ya jioni acha kwa sasa, kafeini hukaa mwilini saa nyingi. Na nenda kliniki upimwe damu na tezi ya shingo, maana upungufu wa damu na tezi iliyozubaa huleta usahaulifu huu huu. Mweleze daktari habari ya saa tisa pia, asije akakupa panadol ukarudi.

Kuna jambo hukuliandika. Zile 4,500 za mteja ulizilipa kutoka wapi? Kama ulichota kwenye karo na mumeo hajui, mwambie leo, kabla hajagusa mto.