Hakuna Simu ya Bure Marekani

Mdogo wangu, nimesikiliza ile sauti yako ya dakika nne. Eti wenzako hapo Kaptembwo wameambiwa Marekani mtu anaingia dukani, anaweka sahihi, anatoka na iPhone ya bure. Na eti mimi, miaka sita ughaibuni, bado nina kisimu chenye kioo kilichopasuka na laini ya kulipia kabla, kwa ubahili tu. Haya, nami nisikilize.

Hiyo simu ya bure niliichukua mwaka wangu wa kwanza. Ni lipa mdogo mdogo iliyovishwa suti. Bei ya simu inagawanywa kwa miezi 24 au 36, na kila mwezi kampuni inakurudishia kile kipande kwenye bili, mradi ubaki kwao na kifurushi chao cha bei. Ukitoka katikati, marejesho yanakatika na salio lote la simu ni lako. Januari godauni likatupunguzia saa za kazi. Nikabaki na kodi, karo yako ya muhula, na simu. Karo ililipwa, unakumbuka? Basi. Deni la simu likauziwa wakusanyaji madeni. Huku kuna alama za mkopo, kuanzia 300 hadi 850. Ni kama CRB ya huko Kenya, wale wanaoweka rekodi za wanaolipa na wasiolipa madeni, ila hii inakufuata hadi kwa mwenye nyumba, na doa la deni kama hilo hukaa miaka saba. Nimenyimwa nyumba mbili kwa sababu ya simu ya bure.

Siku hizi nalipia kabla, kama wewe na bando zako. Hawaulizi alama. Pesa ikiisha laini inanyamaza, lakini hakuna anayenidai.

Ila nisikudanganye. Kifurushi changu ni cha siku 30, si cha mwezi, kwa hivyo tarehe inasogea, inasogea, hadi ikaangukia kabla ya mshahara. Ndio usiku ule Mama alipokimbizwa hospitali. Mlinipigia WhatsApp mara kumi na moja, nami niko zamu ya usiku, laini imekufa. Nilizipata jumbe zenu asubuhi, nimesimama kwenye baridi nje ya maktaba nikinasa waifai yao. Mkadhani nimewakwepa. Niliona haya kuwaambia kwamba huku hakuna Okoa Jahazi ya kukopa salio.

Kwa hivyo ukija, usiweke sahihi popote. Lakini ukipata watu wanne waaminifu, ingieni laini ya familia, laini kadhaa kwenye bili moja, kwa kila kichwa huwa nafuu. Waaminifu, nimesema. Wewe siwezi kukuweka kwa jina langu, usinune.

Simu nitakutumia, ya mtumba, isiyofungwa kwa kampuni moja. Ile ya mkataba ingefika Nakuru ikatae laini yako, kwa sababu kampuni nyingi haziifungui kabla deni halijaisha.

Mwambie Mama nitampigia Jumapili. Bando linaisha Jumatatu.