Mgosi, mpe huyo mzee likizo kabla hajakuaga

Mleta mada, umeandika "fundi wetu mkuu ana 57, bado miaka mitatu, hata likizo hachukui maana bila yeye mambo hayaendi" halafu ukaweka na vimakofi. Hebu futa hivyo vimakofi kwanza.

Hesabu yako yenyewe mbovu. 60 ni kustaafu kwa mujibu wa sheria, ila kuanzia 55 mtumishi anastaafu kwa hiari, kwa hiyo huyo mzee hana miaka mitatu, ana siku yoyote atakayojisikia. Wa kwangu alikuwa na umri huohuo. 2022 zikaja habari za kikokotoo kipya cha pensheni kinaanza Julai, wale waliotokea mifuko ya zamani ya PSPF na LAPF mkupuo wa kustaafu unashuka kutoka asilimia 50 hadi 33, mzee kakaa na mkewe usiku wakapiga hesabu, asubuhi barua iko mezani kwangu. Wala simlaumu, ningekuwa na 55 mie ningemtangulia getini.

Nilikuwa nasimamia mafundi kwenye mamlaka moja ya maji mkoani hapa Tanga, wilaya siitaji, wenyewe mtajijua. Mzee ndiye alikuwa ramani. Zile laini za zamani mchoro wake hauendani na kilichopo chini, yeye anafika mtaani anashika kona ya ukuta wa msikiti, anahesabu hatua kuelekea kwenye mwembe, anasimama, anakwangua udongo kwa kisigino cha buti, mfuniko wa valvu huo hapo. Sisi tunacheka tunampongeza. Kila mwaka akijaza fomu ya likizo namrudishia, mzee wangu subiri kiangazi kipite, kiangazi kikipita namwambia sasa masika, mabomba yatapasuka, tutamwita nani? Mwisho akaacha kuomba na mie nikamwona mzalendo kwelikweli.

Na kijana nilimwekea, usidhani sikumwekea. Ana diploma yake safi kabisa, lakini kazi yake ilikuwa kubeba spana na kushika tochi, laini hata moja hajawahi kuifunga peke yake, maana mzee si yupo? Akachoka. Akaomba uhamisho kwenye mfumo, nikaukwamisha kwa sababu ati yeye ndiye mrithi (naona na wewe unauliza umkatalie kijana wako uhamisho, wallahi nimecheka kwa uchungu). Akafanya usaili kwingine, akapata, akaondoka na hasira zake na daftari lake. Yaani huyo nilimkosa hata kabla ya mzee.

Sasa mzee kaondoka, haukupita muda laini kubwa ikapasuka usiku jirani na soko. Tunafika na tochi, mwembe hakuna. Umekatwa, pale mtu kajenga fremu za maduka. Tukachimba hapa, tukachimba pale, maji yanatupita miguuni, mwisho tukaenda kufunga kule juu kwenye tenki na mji mzima ukakauka, hospitali ndani yake. Mzee simu haipatikani, yuko shambani kwake milimani Lushoto. Alipopatikana kesho yake ikabidi atuongoze kwa simu, "umeshika ukuta? haya tembea, si hivyo, hatua za mtu mzima", na mie meneja mzima na tai yangu nahesabu hatua mbele ya watu wenye ndoo. Valvu tuliikuta chini ya sakafu ya duka la vocha. Tukavunja sakafu ya watu, tukalipa fidia, barua ya kujieleza nikaandika mie.

Aliyenipoza ni afisa utumishi. Kila nikimgusia ananiambia bosi usihofu, ikama ipo, yaani nafasi yake kwenye orodha ya watumishi ipo, akiondoka tunaomba kibali, Sekretarieti ya Ajira wanatuletea mtu. Ndiyo, wanaleta, ukishasubiri kibali na tangazo na usaili, au wanakutolea kwenye kanzidata yao ya waliofaulu usaili mtu ambaye hujawahi kumwona, mzuri tu, ila huo ukuta wa msikiti ataujulia wapi? Na yule mwezeshaji wa semina aliyetujazisha jedwali la mpango wa urithishanaji madaraka, mrithi wa kwanza, mrithi wa pili, rangi ya kijani na njano, tukapiga picha ya pamoja tukala pilau. Mrithi wangu wa pili kwenye lile jedwali alishahamia Dodoma zamani, hakuna aliyeuliza.

Sikiliza basi. Siku 28 za likizo ni haki ya huyo mzee, mpe zote, mfululizo, mwaka huu huu. Simu yake marufuku, na wewe ndiye utakayeshawishika kuipiga, siyo mafundi. Kijana mwachie nafasi kwa barua, siyo kwa mdomo, wenzake wajue nani anaamua. Kila kitakachokwama kiandikwe siku hiyohiyo, mzee akirudi anakwenda na kijana kwenye hivyo vilivyokwama tu, kijana anachora, mzee anasema. Mwaka wa kwanza mtoe kiangazi wakati wa mgao, unaofuata mtoe masika, maana mambo ya masika hayajitokezi kiangazi. Nilivyohamia kituo kingine ndivyo nilivyoanza, wiki ya kwanza ilikuwa aibu tupu, tulifungia maji mtaa ambao hauna tatizo lolote. Lakini yule kijana wa pale aliyekuwa anawinda uhamisho aliacha kuulizia. Baadaye aliondoka, ndiyo, ila alituachia wawili wanaojua kufunga.

Utasema kumrudisha kwa mkataba akishastaafu kupo. Kupo, kwa vibali, na mpasuko wa usiku haungoji kibali.

Uliuliza na PEPMIS, ule mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, na zawadi za mfanyakazi bora. Hizo watakujibu wengine humu, mie nimeshapanda presha. Fomu ya likizo ya mzee ikishasainiwa rudi useme unamwachia nani, na usiniambie "tunaangalia".