Kutangaza tani tano kila msimu si dalili ya hamu ya mafanikio

Mkuu, umeuliza kwa nini mdogo wako wa Tandahimba kila msimu anatangaza tani tano za korosho kutoka miti 60, kisha ikifika Julai ametelekeza shamba. Unahisi hana hamu ya mafanikio. Mimi naona kinachomwendesha zaidi ni hofu ya kushindwa.

Mwanasaikolojia wa Marekani John Atkinson alilieleza hili mwaka 1957. Mwenye hamu kubwa ya kufanikisha huvutwa na kazi ambayo nafasi ya kufaulu ni kama nusu kwa nusu, maana hapo ndipo juhudi yake inaonekana. Mwenye hofu hukimbilia pembeni: jambo rahisi mno, asikose, au jambo lisilowezekana, ambalo akilikosa hakuna wa kumcheka. Katika majaribio ya kurusha pete kwenye kijiti, wenye hamu hiyo walipendelea kusimama umbali wa kati. Tani tano kwa miti 60 ni zaidi ya kilo 80 kwa mti. Hapo mdogo wako amesimama mbali makusudi, hata kama mwenyewe hajui.

Anzeni na karatasi ya mzani ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ya msimu uliopita. Tuseme alipata kilo 300. Lengo liwe kilo 350 hadi 380, na aliseme yeye mwenyewe; ukimpangia wewe, kazi inakuwa yako.

Ugumu wa mkorosho ni kwamba jibu linachelewa. Mwenye hamu ya kufanikisha anataka kujua mapema anaendeleaje, na mdogo wako naye akikaa miezi bila kipimo anahamia bodaboda. Kwa hiyo mpe vipimo vya njiani. Salfa ya unga ni gramu 250 kwa mti kwa kila mzunguko, yaani kilo 15 kwa miti yote. Mizunguko mitano ni kilo 75, mifuko mitatu ya kilo 25. Apulize alfajiri, kukiwa na umande na upepo umetulia, aandike tarehe na idadi ya miti, kisha akague maua mapya kama yana ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu mweupe ambao salfa huuzuia. Mvua ikiharibu maua, daftari litaonyesha kipi kilikuwa mikononi mwake na kipi hakikuwa. Bila daftari, hasara yoyote ataihesabu kuwa ni uzembe wake, na hofu itaongezeka.

Kama mmefikiria kumwahidi pikipiki akivuna vizuri, iacheni kwanza. David McClelland, mwanasaikolojia mwingine wa Marekani aliyeitafiti hamu ya kufanikisha kwa miaka mingi, aliona kwamba kwa wenye hamu hiyo fedha ni alama ya kupimia walipofikia. Kilo zikiongezeka kwenye mzani, hiyo inamtosha kuanzia.

Na akifanikiwa, msikimbilie kumpa uenyekiti wa AMCOS. Uongozi unataka mtu anayefurahia kufanya kazi kupitia wengine. Mwenye hamu ya kufanikisha mara nyingi hushika kila kitu mwenyewe, akagombana na karani na wapimaji. Mpeni kwanza kazi yenye kipimo chake, kama kukagua madaraja ya korosho zinapopokelewa.