Maandalizi ya mitihani sanifu: majibu kwa maswali yenu

Maswali haya yametoka kwa watahiniwa, wazazi na walimu, na yote yanahusu mitihani sanifu, yaani ile ambayo kila mtahiniwa huifanya kwa masharti yaleyale na kusahihishwa kwa kipimo kilekile. Nimeyafupisha bila kubadilisha maana yake.

Swali: Nimesoma kitabu cha maandalizi mara tatu na kupigia mstari karibu kila ukurasa, lakini nikiketi kufanya mtihani wa majaribio sikumbuki kitu. Nakosea wapi?

Jibu: Bidii unayo; kinachohitaji kubadilika ni namna ya kusoma. Anayerudia kusoma ukurasa uleule huuzoea, na mazoea hayo humfanya aamini kwamba ameuelewa, ilhali mtihani haukuulizi kama unalitambua jambo ukiliona, bali kama unaweza kulitoa kichwani kitabu kikiwa kimefungwa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo vifungu vya kusoma, kisha baadhi wakavisoma tena na wengine wakatakiwa kuandika walichokumbuka bila kutazama. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Walipopimwa baada ya wiki 1, waliojilazimisha kukumbuka ndio waliowapita wenzao, tena kwa tofauti kubwa.

Kwa hiyo, ukimaliza mada, funga kitabu, chukua karatasi tupu, uandike kila unachokikumbuka pamoja na mfano mmoja uliotunga mwenyewe, ndipo ufungue na kuongeza kwa kalamu ya rangi nyingine yale uliyoyasahau. Rangi hiyo ya pili ndiyo itakayokuonyesha cha kusoma kesho. Mada hiyohiyo irudie baada ya siku moja, kisha baada ya siku kadhaa, kisha baada ya wiki, kwa sababu yaliyosomwa kwa mkupuo mmoja husahaulika upesi. Utaona kazi imekuwa ngumu kuliko zamani, na utashawishika kurudi kwenye kupigia mistari. Nakusihi usirudi.

Swali: Binti yangu amefanya mitihani minne ya majaribio na alama hazipandi. Nimtafutie mingine?

Jibu: Bado, mzazi mwenzangu. Kwanza kaeni pamoja na karatasi hizo nne, muyapitie makosa moja baada ya jingine, naye aseme kila kosa limetokana na nini: hakuijua mada, aliijua lakini akalisoma swali vibaya, au muda ulimwishia. Ayaandike katika daftari lake kwa maneno yake mwenyewe, kwa mfano: “Swali la 12: waliuliza sentensi zote ni sahihi isipokuwa ipi, nami nikachagua ya kwanza niliyoona ni sahihi.” Akiwa na makosa sita ya namna hiyo, hahitaji somo jingine la sarufi, anahitaji kuzoea kupigia mstari neno “isipokuwa” kabla ya kutazama majibu. Wanaoshindwa kwa sababu ya muda, nao, hawasaidiwi na maelezo zaidi ya mada, bali na mazoezi mafupi yanayopimwa kwa saa.

Ninaloliomba kwa moyo wote ni kwamba mazungumzo hayo yasigeuke kuwa hukumu. Mtoto anayeogopa kuonyesha makosa yake atayaficha, na kosa lililofichwa halirekebishiki. Mtihani wa majaribio wa tano ufanyike baada ya kazi hiyo, kwa muda kamili, kwa kikao kimoja, na simu ikiwa chumba kingine.

Swali: Je, nibahatishe au niache wazi swali nisilolijua?

Jibu: Inategemea kanuni ya mtihani wako, nayo unapaswa kuijua wiki nyingi kabla ya siku yenyewe. Iwapo jibu lisilo sahihi halipunguzi alama, usiache swali lolote wazi. Ndivyo ulivyo mtihani wa SAT wa Marekani, unaotumika katika kuomba nafasi za chuo, tangu mwaka 2016; kabla ya hapo, kosa katika maswali yake ya kuchagua jibu lilikatwa robo ya alama. Hata pale makato hayo yanapotumika, hesabu ni rahisi. Penye majibu matano, anayebahatisha maswali matano hutarajiwa kupata moja na kukosa manne, hivyo anapata alama 1 na kukatwa robo nne, anabaki na sifuri: hakufaidika wala hakupoteza. Lakini akiweza kuondoa kwa uhakika hata jibu moja lisilofaa, kubahatisha kati ya yaliyobaki kunaanza kumlipa.

Swali: Mwalimu wetu husema jibu la kwanza ndilo sahihi, tusilibadilishe. Ni kweli?

Jibu: Kwa heshima zote kwa mwalimu wenu, ushahidi hauko upande huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2005, Justin Kruger na wenzake walichunguza mahali majibu yalipofutwa na kubadilishwa kwenye karatasi za wanafunzi zaidi ya 1,500: asilimia 51 ya mabadiliko yalitoka kwenye kosa kwenda kwenye usahihi, na asilimia 25 tu ndiyo yaliyoharibu jibu lililokuwa sahihi. Hayo ya pili huuma zaidi, ndiyo maana hukumbukwa. Badilisha unapokuwa na sababu unayoweza kuitaja. Ukiwa na wasiwasi mtupu, liache.

Swali: Usiku wa kuamkia mtihani silali, na asubuhi mikono hutetemeka.

Jibu: Usikeshe ukisoma, kwa kuwa usingizi ndio unaoyaimarisha kichwani uliyojifunza. Asubuhi, kabla ya kuingia, jaribu kuandika kwa dakika 10 yote unayoyahofia kuhusu mtihani huo, bila kujali mwandiko. Watafiti Gerardo Ramirez na Sian Beilock walionyesha mwaka 2011 kwamba zoezi hilo liliinua alama za wanafunzi wenye wasiwasi mwingi. Hofu ikikupata wakati wa kazi, weka kalamu chini, pumua polepole mara chache, kisha anza na swali unalolimudu. Na ikiwa hofu inakunyima usingizi kwa wiki nzima, mwone mshauri au daktari.

Swali: Nina mwanafunzi mwenye disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno. Anaweza kuongezewa muda?

Jibu: Mitihani mingi mikubwa inaruhusu, mwalimu, lakini ombi hupelekwa mapema likiwa na vielelezo vya mtaalamu. Kwa SAT, uhakiki wa nyaraka unaweza kuchukua hadi wiki 7. Akishakubaliwa, afanye mazoezi yake yote kwa muda huohuo ulioongezwa.

Swali: Niliruka swali moja, nikajikuta nimeweka kivuli majibu yote yaliyofuata kwenye mistari isiyo yake. Nizuieje?

Jibu: Zungushia duara jibu lako kwenye karatasi ya maswali kwanza, kisha uhamishe majibu ya ukurasa mzima kwa pamoja, ukisoma namba ya swali na ya mstari kabla ya kila kivuli. Zikiwa zimebaki dakika chache, hamisha moja moja. Ukigundua umepotoka mstari, mweleze msimamizi mara moja, kisha futa kuanzia pale ulipokosea, ukitumia duara zako kama kumbukumbu.