Gemu ya ajabu inashika watu pale mtazamaji anapoielewa

Mkuu mleta uzi, umesema mwenzio wa Lindi anatengeneza gemu ya kupanga mizigo kwenye jahazi lisizame, na unauliza kama kitu kisicho na mpira wala bunduki kinaweza kuvuka kwa wachache kikapendwa na wengi. Kinaweza. Naendesha banda la gemu Chikongola, Mtwara, na nimeliona kwa macho.

Wateja wangu ni wa mpira tu. Kwenye kompyuta ya pembeni niliweka Getting Over It, gemu ya 2017 ya Bennett Foddy. Mwanaume yumo ndani ya chungu, miguu haionekani, ana nyundo tu ya kupandia mlima. Ukiteleza unaweza kurudi mpaka chini kabisa. Msimu wa korosho banda lilijaa, kijana mmoja kachoka foleni ya pedi za kuchezea, akaishika mausi. Alipoporomoka zikapigwa kelele hadi wa kwenye mpira wakageuka. Mama muuza mihogo akachungulia mlangoni, mara anaelekeza: "Vuta kushoto baba, vuta!" Yule mama hajawahi kushika pedi maishani, lakini kila kitu alikielewa.

Kwa hiyo mimi huangalia aliyesimama nyuma ya mchezaji. Among Us, gemu ya kumsaka msaliti aliyejificha kati ya wachezaji, ilitoka 2018 ikakaa kimya. Mwaka 2020, kipindi cha korona, wachezaji wanaojirusha mubashara mtandaoni walipoionyesha, ikalipuka, na gemu ilikuwa ile ile. Kwenye simu ilikuwa bure pia, na kwa vijana wa huku hilo ni kubwa mno.

Balatro, gemu ya karata, naipenda kuliko zote. Imetengenezwa na mtu mmoja, ikatoka Februari 2024, na kufikia Januari 2025 ilishauza nakala zaidi ya milioni 5. Duniani imevuka, bandani kwangu imegoma. Karata vijana wanazijua, lasti kadi na arubastini wamekua nazo, ila ukisimama nyuma ya mchezaji wa Balatro unaona namba zinapanda tu, hujui kafanya nini. Tena ina sura ya poka, mzee jirani akaniuliza kama nimefungua kamari. Simlaumu: hela haiwekwi humo, lakini hata wapangaji wa umri wa magemu Ulaya waliipa miaka 18 kabla ya kuishusha hadi 12, Februari 2025.

Jahazi la mwenzio lina bahati, maana watu wa pwani tunaona chombo kikilala upande kabla hatujaambiwa. Asiifunike kwa namba na maandishi. Gunia likiwekwa vibaya, jahazi liiname papo hapo, maji yaonekane yakiingia. Na ifunguke kwenye simu ya bei ndogo bila bando.

Mwambie aniletee hata kama haijakamilika. Ile kompyuta ya pembeni nampa bure msimu mzima, tuone watu watasimama wapi.